Kambi ya kushona mifarishi pamoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeratibu kambi hizi za ushonaji kiasi cha kujua kwamba maswali huja kwa zamu. Mwezi mmoja kabla, watu huuliza waje na nini. Wiki moja kabla, huuliza kama ni lazima wawe wamemaliza kukata. Siku ya pili ya kambi, miraba ikishaanza kupangwa sakafuni, huuliza kwa nini haikutani. Jibu la swali la tatu limo ndani ya yale mawili ya kwanza, ndiyo maana nimeyaweka yote mahali pamoja. Soma lote kabla hujafungasha.

Mfarishi ni nini hasa? Si blanketi tu?

Blanketi ni tabaka moja. Mfarishi una tatu: uso, ambao mara nyingi ni viraka vilivyoungwa, pamba katikati, na bitana chini. Tabaka hizo hushikwa na mishono inayopenya zote tatu, kisha ukingo hufungwa kwa utepe kuzunguka pande nne. Uso peke yake, hata uwe mzuri vipi, bado si mfarishi. Wengi wetu tuna nyuso tatu nne zimekunjwa kabatini miaka na miaka, na hatupendi kuulizwa habari zake.

Katika majibu haya, "kiraka" ni kipande kimoja kilichokatwa, na "mraba" ni viraka kadhaa vilivyoungwa kuwa umbo moja linalorudiwa uso mzima.

Siku zote hizo mnafanya nini?

Kuna kambi za namna mbili. Kuna ile ambayo kila mmoja huja na kazi yake, na kinachowaunganisha ni chumba, pasi na soga. Kuna ile ambayo wote hushona mfarishi mmoja. Sisi huchanganya: asubuhi, macho yakiwa bado makali, tunafanya kazi ya pamoja, baada ya chakula cha mchana kila mtu anarudi kwenye lake. Tuliwahi kujaribu kinyume chake. Usiku wa saa nne mtu mzima akaunganisha miraba minne kichwa chini miguu juu, na hakuna aliyeona mpaka asubuhi.

Siku tatu na usiku mbili zinatosha. Watu wanane hadi kumi na wanne ndio wanaokaa vizuri katika ukumbi mmoja. Wakizidi hapo foleni ya pasi inakuwa ndefu kuliko kazi yenyewe.

Sijawahi kushona mfarishi. Nije?

Njoo. Kama unajua kushona mstari ulionyooka kwa cherehani, tayari unajua sehemu kubwa ya kazi. Kama hujui hata hilo, bado zipo shughuli ambazo kila kambi hutafuta mtu wa kuzishika: kupiga pasi, kuhesabu na kupanga viraka, kukata nyuzi zinazoning'inia, kufumua. Usidharau kufumua. Mtu mtulivu mwenye kifumulio kikali huokoa kitambaa ambacho fundi mwenye hasira angekichana.

Ninachomwomba mgeni ni asije na mfarishi wa kitanda kikubwa kama kazi yake ya kwanza. Aje na kitu cha ukubwa wa meza ndogo au foronya ya mto. Atakimaliza, atakibeba mkononi akirudi nyumbani, na mwakani atarudi.

Nije na vifaa gani?

Cherehani yako, ikiwa imesafishwa na kutiwa mafuta kama ni ya kutiwa mafuta, pamoja na waya wake wa umeme na pedali. Nacheka ninapoandika "pedali", lakini kila mara kuna anayeiacha chini ya meza nyumbani. Bobini zisipungue sita, na nne kati ya hizo ziwe zimeshajazwa uzi wa rangi isiyojitokeza. Kijivu hafifu hukubaliana na karibu kila kitambaa. Sindano za cherehani namba 80/12 za kuungia viraka, na 90/14 za kupenya tabaka tatu. Sindano ibadilishwe kila baada ya kama saa nane za kushona. Ukisikia inagonga kitambaa kwa kishindo kidogo badala ya kupenya kimya, imeshakuwa butu.

Halafu mkasi wa kitambaa usiokata karatasi, pini, kifumulio, subana kama utashona kwa mkono, rula ya plastiki inayoonyesha hadi thumuni ya inchi, na taa ndogo ya mezani. Taa za ukumbini huwekwa kwa ajili ya watu wanaosikiliza hotuba, si wanaotafuta uzi mweusi kwenye kitambaa cha buluu.

Kisu cha gurudumu, yaani chenye makali ya duara yanayobingirika, na mkeka wa kukatia havihitaji kuja kumi na vinne. Vitatu au vinne vinatosha ukumbi mzima, mradi vikae kwenye meza ya kukatia tu. Na viatu vya kufunika vidole, tafadhali. Gurudumu la milimita 45 likidondoka mezani likiwa wazi halichagui pa kutua. Kanuni yetu ni kwamba ukimaliza mkato mmoja unafunga kisu, hata kama mkato unaofuata ni wa sekunde tatu zijazo.

Nikate viraka nyumbani au nikatie kambini?

Kazi yako mwenyewe, kata nyumbani. Kukata kunataka meza kubwa, kimo cha kiuno, na akili isiyozungumza na mtu. Kambini utakosa vyote vitatu. Weka viraka kwenye mifuko ya plastiki inayofungika, kila saizi mfuko wake, na karatasi ndani inayosema ni vingapi na ni vya sehemu gani. Mtu aliyekuja na mifuko ya namna hiyo huanza kushona dakika kumi baada ya kufika. Aliyekuja na majora huanza kushona kesho yake.

Kazi ya pamoja ina sheria yake: mtu mmoja hukata kila kitu, kwa rula moja. Nasema moja maana rula za watengenezaji tofauti huweza kupishana kwa unene wa mstari, na unene wa mstari ukirudiwa mara arobaini ni jambo kubwa. Asiyeweza kukata peke yake agawane kazi kwa aina ya kiraka: huyu vyote vyeupe, yule vyote vya rangi. Asigawane kwa mraba.

Kwa nini miraba yetu haikutani, na sote tumefuata maelezo yale yale?

Kwa sababu robo inchi ya kila mtu si moja. Hili ndilo swali la ukurasa huu mzima, kwa hiyo nitakaa nalo.

Viraka huungwa kwa kuacha robo inchi ya kitambaa upande wa ndani wa mshono. Mraba unaotakiwa uwe inchi 12 ukishaungwa ndani ya mfarishi hukatwa na kushonwa uwe inchi 12 na nusu ungali peke yake, kwa sababu kila upande utapoteza robo. Mpaka hapo wote tunaelewana. Tatizo ni kwamba watu wengi hutumia ukingo wa mguu wa cherehani kama kipimo, na mguu wa kawaida wa cherehani nyingi ni mpana kuliko robo inchi.

Tulikuwa na kambi ya watu kumi na wanne. Kila mmoja alikuja na miraba mitatu aliyoshona nyumbani, jumla 42, ya kupangwa sita kwa saba. Tuliitandaza sakafuni tukaanza kuipima. Miraba iliyopaswa kuwa inchi 12 na nusu ilianzia 12 na 1/8 hadi 12 na 5/8. Ile midogo kabisa ilikuwa ya mama mmoja aliyeshona nguo za watu maisha yake yote. Mishono yake ilikuwa mizuri kuliko yetu sote, na miraba yake mitatu ililingana yenyewe kwa yenyewe hata usingeweza kupenyeza uzi katikati. Alishona kwa mguu wa cherehani yake, na mguu ule ulizidi robo inchi kwa 1/16 tu. Mshono mmoja hula pande mbili, kwa hiyo 1/16 ikawa 1/8. Mraba wetu ulikuwa na safu nne za viraka, yaani mishono mitatu, kwa hiyo 1/8 ikawa 3/8. Sita kwa msitari mmoja wa mfarishi zingekuwa inchi 2 na robo zimepotea, na hakuna mtu aliyekosea.

Hatukumfumulia. Tulichukua kitambaa cheupe, tukakata tepe za inchi 1 na nusu, tukauzungushia kila mraba kama fremu, kisha tukakata miraba yote 42 iwe inchi 14 kamili. Mikubwa ilikatwa zaidi, midogo ikakatwa kidogo, na macho hayaoni tofauti kwa kuwa fremu imeimeza. Mfarishi ukatoka mkubwa kuliko kitanda kilichokusudiwa. Ni sawa, aliyeuchukua alinunua kitanda kingine baadaye.

Tangu siku hiyo hakuna anayeshona mraba wa pamoja bila jaribio hili. Kata tepe tatu za upana wa inchi 1 na nusu. Ziunge kwa urefu, piga pasi, kisha pima ile ya katikati. Ikiwa ni inchi 1 kamili, robo inchi yako ni ya kweli. Ikiwa imepungua, unakula kitambaa kingi. Sogeza sindano kulia kama cherehani yako inaruhusu, au bandika kipande cha utepe wa gundi juu ya sahani ya cherehani kiwe ukuta wa kusukumia kitambaa. Ikiwa imezidi, fanya kinyume. Jaribio linachukua dakika tano. Fremu zile zilituchukua siku nzima.

Na kama robo inchi yangu ni sawa lakini bado mraba umepinda?

Angalia pasi. Kuna kupiga pasi na kuna kubonyeza. Nguo unaipiga pasi kwa kuisugua mbele na nyuma. Kiraka unakibonyeza: shusha pasi, inua, sogea, shusha tena. Ukisugua, hasa penye mkato wa hanamu, yaani uliokwenda mshazari kwa nyuzi za kitambaa, kitambaa kinavutika na mraba unakuwa na mabega.

Jambo lingine la pasi kwa kazi ya pamoja ni mwelekeo. Ukishaunga viraka viwili, robo inchi mbili za ndani hulazwa upande mmoja. Mkikubaliana kwamba safu ya kwanza hulazwa kulia na ya pili kushoto, mishono inapokutana hukamatana kama meno ya zipu, na pembe zinakaa zenyewe. Msipokubaliana, mishono miwili inalala upande mmoja, panakuwa na kinundu, na sindano inapofika hapo inaruka. Liandikeni kwenye karatasi kubwa ukutani juu ya meza ya pasi.

Naweza kutumia sentimita?

Kwa kazi yako, tumia unachopenda. Kwa kazi ya pamoja, chagueni kimoja na msichanganye. Watu husema robo inchi ni milimita 6. Ni 6.35. Kwenye mshono mmoja si kitu, lakini umeshaona hapo juu vitu visivyo kitu hufika wapi.

Vitambaa vifuliwe kabla?

Kwa mfarishi wa pamoja, ndiyo, vyote, bila majadiliano. Nikiwa nashona peke yangu mara nyingi sifui, maana kitambaa kipya kina ugumu mzuri wa kukatika. Lakini vitambaa vya watu kumi na wanne vimetoka maduka kumi na manne. Kimoja kitanywea, kingine hakitanywea. Chekundu cha mmoja kitachuja juu ya cheupe cha mwingine, na hapo ndipo urafiki huingia doa. Chovya kipande kidogo kwenye maji ya moto ndani ya bakuli jeupe, kiache nusu saa. Maji yakibaki meupe, karibu kambini. Yakibadilika rangi, fua tena na tena, na kama bado yanabadilika kitambaa hicho kibaki nyumbani.

Kitambaa kiwe cha pamba tupu. Kitambaa kinachovutika, au chenye nailoni ndani, hukunjamana chini ya pasi ya moto inayofaa pamba, na si kila mtu kwenye foleni ya pasi atakumbuka kupunguza moto kwa ajili yako.

Tununue kitambaa kiasi gani cha bitana na utepe wa ukingo?

Tuchukue mfarishi wa inchi 72 kwa 84, yaani miraba 42 ya inchi 12. Bitana izidi uso kwa inchi 4 kila upande, kwa hiyo unahitaji inchi 80 kwa 92. Kitambaa cha pamba cha kushonea viraka kwa kawaida kina upana unaotumika wa kama inchi 42 tu, basi utaunga vipande viwili vya urefu wa inchi 92. Hiyo ni inchi 184, karibu mita 4.7. Nunueni 5.

Utepe wa ukingo: mzunguko ni inchi 312, ongeza kama 12 za pembe na maungio. Tepe za upana wa inchi 2 na nusu zinazokatwa kwa upana wa kitambaa zitakuwa nane. Sentimita 60 za kitambaa zinatosha.

Pamba ya kati inunuliwe na mtu mmoja, kipande kimoja, kwa sababu pamba za aina mbili ndani ya mfarishi mmoja hunywea tofauti. Soma maelezo ya kwenye mfuko wake: yanasema mishono ya kupenya isiachane zaidi ya inchi ngapi. Nyingine huvumilia inchi 8 au zaidi, nyingine 4 tu, na ukipuuza pamba itakusanyika pembeni ukishafua.

Tuchague mtindo gani?

Rahisi kuliko unavyofikiri. Viraka vinne, au viraka tisa, vya mraba mtupu. Kikundi chenye watu wa viwango tofauti hakitafuti mtindo wa kuonyesha ufundi. Kinatafuta mtindo unaosamehe.

Pembetatu hazisamehi, kwa sababu upande wake mrefu ni hanamu na unavutika ukiushika tu. Mkizitaka, zitengenezeni hivi: weka viraka viwili vya mraba, vya rangi tofauti, uso kwa uso, chora mstari kutoka pembe hadi pembe, shona robo inchi kila upande wa mstari, kisha kata juu ya mstari. Unapata miraba miwili ya pembetatu bila kugusa hanamu iliyo wazi. Vitabu vitakuambia ukate mraba wa kuanzia uzidi saizi ya mwisho kwa 7/8 ya inchi. Sisi tunakata uzidi inchi nzima kisha tunapunguza: kwa pembetatu ya inchi 3 tunakata 4, tukimaliza tunapunguza iwe 3 na nusu. Ni kupoteza kitambaa kidogo ili kuokoa hali ya hewa ukumbini.

Mtindo mwingine unaopendwa ni ule wa mzunguko: kila mmoja huleta mraba wa katikati, anampa jirani, jirani anaongeza ukanda kuzunguka, anampa anayefuata. Unafurahisha sana na unahitaji moyo mgumu, maana mfarishi wako utarudi na mambo ambayo usingeyachagua. Asiyeweza kuvumilia rangi ya chungwa asiingie.

Hivi ni lazima vipimo vifanane namna hiyo? Kazi itabaki na furaha?

Kipimo kimoja ndicho kinachowapa watu uhuru wa kufanya mengine yote. Mfano mkubwa kuliko wote ni mfarishi wa kumbukumbu ya waliofariki kwa UKIMWI, uliotandazwa kwa mara ya kwanza mjini Washington tarehe 11 Oktoba 1987 ukiwa na vipande 1,920. Walioshona hawakuwa wakijuana. Wengine walitumia jinzi, wengine picha, wengine nguo za marehemu. Sharti lilikuwa moja: kipande kiwe futi 3 kwa 6, karibu ukubwa wa kaburi. Vinane vikiungwa hutoa mraba wa futi 12 kwa 12, na mraba huo hukaa kando ya mwingine wowote.

Kama kikundi chenu hakitaki kabisa kupima, ipo njia nyingine, na si ya uvivu. Wanawake wa Kisiddi wa Karnataka huko India, ambao asili yao ni Afrika, hushona mfarishi wao uitwao kawandi bila kutengeneza miraba kwanza. Hutandika kitambaa cha chini, wakaanza kuweka viraka kwenye pembe na kingo, wakishona kwa mkono tabaka zote kwa pamoja, wakizunguka kuelekea katikati. Kiraka kikiwa kikubwa kinakunjwa; kikiwa kidogo kinaongezewa mwenzake. Mnaweza kukaa wanne kuzunguka kitambaa kimoja, kila mmoja na upande wake, mkakutana kati. Hapo nani atajali robo inchi?

Umeme utatosha?

Cherehani si tatizo; ya nyumbani hula kama wati 100. Tatizo ni pasi, ambayo moja huanzia wati 1,000 na nyingine hupita 2,000. Pasi mbili kwenye ekstensheni moja ni giza ukumbi mzima, na mwenye kompyuta ndani ya cherehani atapoteza alichokuwa anashona. Kila pasi iwe na soketi yake ya ukutani, ikiwezekana upande tofauti wa jengo. Ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu ifunguliwe yote. Ikiachwa imejiviringa huku inatumika, hupata moto. Nyaya zinazovuka njia zibandikwe sakafuni kwa utepe.

Tabaka tatu zinaunganishwaje?

Hii ndiyo sehemu ambayo kambi inashinda kushona peke yako. Peke yako unatambaa sakafuni saa nzima na magoti yanalia. Mkiwa sita ni dakika ishirini.

Tandazeni bitana, upande mzuri ukitazama chini, juu ya meza mlizounganisha. Ibandikeni kingo kwa utepe: inyooke, isivutwe. Ikivutwa, mkiiachia itarudi na kukunjamana, na mikunjo hiyo mtaiona mkishamaliza kushona. Tandazeni pamba, ilainisheni kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Kisha uso. Hapo ama mpige bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi mrefu, ama mtumie pini za kufunga. Weka ngumi yako juu ya uso: popote utakapoiweka, iguse pini. Msizifunge pini mpaka zote zimeshapita, kwa sababu kila pini inayofungwa husogeza kitambaa kidogo.

Wanne wabane pini, wawili wakae pembeni wakiangalia uso kwa mbali. Walio karibu hawaoni mstari unapopinda.

Mishono yangu ya mkono ni mikubwa. Nitaharibu kazi ya wengine.

Mshonaji mzoefu hufikisha mishono minane hadi kumi kwa inchi. Anayeanza atapata mitano, na mitano inashika vizuri tu. Kinachoonekana kwa macho si ukubwa, ni kutolingana, kwa hiyo shona mikubwa inayofanana. Mkikaa wengi kuzunguka mfarishi mmoja, badilishaneni viti kila baada ya saa moja ili mkono mmoja usiwe na kona yake. Anayetumia mkono wa kushoto akae mwisho wa benchi, viwiko visigongane.

Na sikiliza: kuna wanaofumua mishono ya mwenzao usiku akishalala. Hapa kwetu hatufanyi hivyo.

Nimwambie mwenzangu kwamba mraba wake una kasoro?

Kama kasoro itazuia miraba mingine kukutana, mwambie, mapema, mkiwa wawili, ukiwa umeshika rula. Onyesha namba, usiseme "naona kama". Kama ni suala la rangi au ladha, nyamaza. Kiraka kilichogeuzwa kichwa chini ndani ya mraba wa viraka tisa kimekuwa mchezo wetu. Wageni hupewa kazi ya kukitafuta.

Mfarishi ukiisha unakuwa wa nani?

Likubaliwe kabla mkasi haujafunguliwa, na liandikwe. Nimeona kura, nimeona zawadi kwa aliyefiwa, nimeona mnada wa kuchangia hospitali. Zote zinafanya kazi. Kisichofanya kazi ni "tutaona". Kama ni zawadi kwa mtoto mchanga, mwambieni mzazi kwamba mfarishi ni wa kutandika sakafuni mtoto achezee akiwa anaangaliwa. Wataalamu wa afya ya watoto hushauri kitandani mwa mtoto asiyefikisha mwaka kusiwe na shuka au blanketi lisilobanwa.

Kila aliyeshona aandike jina kwenye kitambaa kidogo cha nyuma, kwa kalamu ya wino usiofutika, kikabonyezwe kwa pasi kabla ya kushonewa. Wekeni na mwaka. Watu hukumbuka majina, mwaka ndio huanza kubishaniwa.

Tusipomaliza?

Hamtamaliza. Kwa siku tatu kikundi kizuri hufikisha uso mzima na kupiga bandi; kupenya tabaka na kufunga ukingo hufanyika baadaye. Kabla ya kuondoka, wekeni kila kitu kwenye mfuko mmoja: mabaki ya kila kitambaa, tepe za ukingo zilizokatwa, uzi wenyewe uliotumika, sindano, na karatasi inayosema mmefikia wapi. Kisha ulizeni kwa sauti nani anaubeba, na jina lake liandikwe kwenye mfuko pamoja na tarehe. Mfuko wa kambi moja ulibebwa na "sisi sote". Niliukuta miaka miwili baadaye juu ya kabati la ukumbi, pini zimeshika kutu, na kila pini imeacha alama yake ya kahawia kwenye kitambaa cheupe.